Dhamana ya Amani na Sahihi ya Mzazi: Mtoto Mbele ya Mahakama za Kivukoni

Sheria za Tanzania Bara hazijapata kuwa na hati moja mahususi ya kumlinda mtu dhidi ya mtu mwingine, ile amri ambayo katika nchi kadhaa mahakama humpa mlalamikaji ili anayemsumbua asimpige, asimtishe, asimfuatefuate wala asisogelee nyumba au duka lake. Kilichopo ni vipande vilivyotungwa katika zama tofauti: dhamana ya kulinda amani iliyotoka India, katazo la usumbufu lililomo katika Sheria ya Ndoa, na kosa la kukaidi amri halali lililomo katika Kanuni ya Adhabu. Vyote hivyo viliandikwa kwa kumlenga mtu mzima. Vilipokutana na mtoto, awe kijana wa miaka 15 anayemtishia jirani kwa kisu huko Kariakoo au mpagazi mdogo anayemwandama muuza samaki pale Feri, sheria ililazimika kila mara kutafuta mtu mwingine wa kulibeba neno la mtoto huyo, na namna ilivyomtafuta ndiyo historia inayofuatwa hapa.

Historia hiyo ina jiografia finyu, ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mahakama Kuu iko kwenye Barabara ya Kivukoni, ikitazama bandari, na hatua chache kutoka hapo ipo Mahakama ya Rufani, katika jengo ambalo Waingereza walilitumia kama klabu yao na ambalo baadaye lilikuwa Hoteli ya Forodhani. Ukielekea bara unafika Kisutu, yenye Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama ya Watoto ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pekee nchini iliyotengwa kwa kazi hiyo. Upanga ipo mahabusu ya watoto. Na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wakoloni waliuacha wazi makusudi ili kutenga makazi ya Waafrika na ya Wahindi na Wazungu, yapo masoko na nyumba za Kariakoo, yenye mahakama yake ya mwanzo. Mpangilio huo si wa bahati. Waliotoa amri walikaa ufukweni, na waliotakiwa kuzitii walikaa ng'ambo ya uwanja.

Kabla ya ukoloni, katika mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, ugomvi wa kijana haukuwa wa kijana mwenyewe. Kwa wenyeji wa pwani waliofuata madhehebu ya Shafii, mpaka wa wajibu ulikuwa baleghe, na asiyebaleghe alisimamiwa na walii wake, yaani mlezi anayetambuliwa na sheria kusema na kutenda kwa niaba yake. Wazee wa ukoo walikaa na wazee wa upande wa pili, fidia ikapangwa, na ahadi kwamba jambo halitarudiwa ikatolewa na mtu mzima mbele ya watu wazima wenzake. Nguvu ya ahadi hiyo ilitokana na haya ya ukoo, na palipokosekana ukoo, kama ilivyokuwa kwa watumwa na wageni wengi wa mji huo mchanga, haikuwa na mshiko mkubwa.

Wajerumani, walioufanya mji huo kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, hawakujishughulisha sana na ahadi. Chombo chao kikuu kilikuwa kiboko, na hata agizo la Kansela wa Ujerumani la Aprili 1896 lililojaribu kukiwekea mipaka liliishia kusema kwamba wanawake wasichapwe na kwamba wanaume walio chini ya miaka 16 wachapwe kwa ufito tu. Kwa mwanahistoria, agizo hilo lina maana kwa sababu moja: ndani yake umri, uliohesabiwa kwa miaka na si kwa dalili za mwili, uliingia katika sheria ya adhabu ya nchi hii. Mamlaka iliyoutumia haikuwa na daftari la vizazi vya Waafrika, kwa hiyo miaka 16 ilikuwa ni makadirio ya afisa anayemtazama kijana aliyesimamishwa mbele yake.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na kwa Amri ya Baraza la Mfalme ya mwaka 1920 wakaanzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika na kuleta sheria kadhaa za India, ikiwemo ile ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1898. Humo ndimo ilimotoka dhamana ya kulinda amani. Dhana yenyewe ni kongwe, kwani mizizi yake iko katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1361 iliyowapa waamuzi wa amani uwezo wa kumfunga mtu kwa ahadi kabla hajatenda kosa, na utaratibu wake haujabadilika mno tangu hapo. Hakimu anapopata taarifa kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, humwita ajieleze kwa nini asitakiwe kuweka dhamana. Maelezo yasipotosha, mtu huyo hutia sahihi hati ya kiasi fulani cha fedha, akiwa na wadhamini au bila wao, kwamba atalinda amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Akivunja ahadi, fedha hudaiwa. Akishindwa kuweka dhamana, huwekwa ndani hadi aiweke au muda wake uishe. Hakuna aliyehukumiwa kwa kosa lolote, na hapo ndipo penye ubora na hatari ya chombo hiki: humlinda mlalamikaji mapema, ila humwekea mipaka mtu ambaye bado hajathibitishwa kuwa na hatia.

Ndani ya utaratibu huo kulikuwa na kifungu kifupi kuhusu watoto. Kilisema kwamba anayechunguzwa akiwa hajafikia umri wa utu uzima, hati ya dhamana itiwe sahihi na wadhamini wake peke yao. Sababu yake ni rahisi kueleweka, kwani mkataba wa mtoto haumfungi, na hati ya dhamana ni mkataba kati ya mtu na dola. Kifungu hicho kilihamia katika sheria za makoloni ya Afrika Mashariki, na Tanganyika ilipotunga kanuni zake yenyewe za jinai mwaka 1930 kikabaki. Kilipita uhuru, na kikaingia tena katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Wanasheria wengi hukipita bila kukitazama, na kwa kweli hakivutii macho, lakini ndicho kinachoeleza kuliko kingine chochote jinsi sheria ilivyomwona mtoto anayemtisha mtu: kama sauti ambayo haiwezi kuahidi. Mlalamikaji aliyelindwa dhidi ya kijana, kwa hakika, alilindwa na mfuko wa baba wa kijana huyo.

Katika Kariakoo ya miaka ya 1930 na 1940 kasoro ya mpango huo ilijitokeza haraka. Wavulana waliokuwa wakimiminika mjini kutoka Uzaramo, Rufiji na mbali zaidi, wakibeba vikapu vya wanunuzi sokoni na kulala kwenye vibaraza, hawakuwa na mtu wa kuwatilia sahihi. Dhamana isiyo na mdhamini ni karatasi tupu. Serikali ilijibu kwa njia mbili zilizokwenda sambamba na ambazo mara nyingi zilipingana. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1933, ikamtofautisha mtoto aliye chini ya miaka 12 na kijana wa miaka 12 hadi kabla ya 16, ikataka kesi zao zisikilizwe mbali na umma, na ikaruhusu faini ya mtoto ilipwe na mzazi. Kwa mara nyingine sheria ilimtafuta mtu mzima. Katika utekelezaji wa kila siku, hata hivyo, adhabu iliyozoeleka ilikuwa viboko, kwa kuwa havikuhitaji mzazi, jengo wala bajeti.

Njia ya pili ilikuwa kuwaondoa mjini. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa wenyeji wasiotakikana katika miji iliwapa maofisa uwezo wa kumwamuru mtu arudi wilayani kwao, na kurudi mjini baada ya amri hiyo likawa kosa. Mwanahistoria Andrew Burton, ambaye amechambua kwa kina habari za wahuni na vijana wa Dar es Salaam ya wakoloni, ameonyesha jinsi operesheni hizo zilivyorudiwarudiwa bila kumaliza kazi, kwa sababu treni na malori yaliyowapeleka vijana bara ndiyo yaliyowarudisha. Kufikia miaka ya 1950, vijana waliovaa na kutembea kwa kuiga wachunga ng'ombe wa filamu za Kimarekani walikuwa sehemu ya sura ya mji, na hofu ya watu wa makamo juu yao ilikuwa kubwa pengine kuliko makosa yenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo historia ya kawaida ya uhalifu mjini hulipita upesi. Amri za mahakama na za maofisa zilizovunjwa na watoto wa Kariakoo katika zama hizo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, amri za kuulinda mji. Mwenye genge aliyeibiwa, mama aliyetukanwa au kijakazi aliyeshikwashikwa njiani hakutajwa katika karatasi ya kumwondoa kijana, wala hakuulizwa kama angependa kijana huyo arudi au asirudi. Kijana alipokamatwa tena karibu na stesheni ya reli, kosa lake lilikuwa kuwepo, si kumkaribia mtu fulani. Ulinzi wa mtu binafsi uliachwa kwa liwali na wazee wa mitaa, waliomaliza mashauri ya namna hiyo kwa suluhu, na suluhu hizo hazikuacha kumbukumbu nyingi.

Uhuru uliunganisha mahakama lakini haukuugusa mgawanyo huo kwa haraka. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta mahakama za wenyeji na kuweka ngazi moja kwa raia wote, mahakama ya mwanzo ikiwa chini kabisa. Nje ya mahakama, balozi wa nyumba kumi wa chama, na baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakawa mlango wa kwanza wa malalamiko. Anayeujua mji wa leo anaifahamu karatasi inayotoka katika ofisi hizo: ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, majina ya pande mbili, sentensi ya kukiri na ya kuahidi kutorudia, sahihi au dole gumba, na muhuri wa mtaa juu ya yote. Kijana akiwa mdogo, mama au mjomba wake ndiye hutia sahihi chini ya jina lake. Kisheria karatasi hiyo si amri ya mahakama na kuivunja si kosa la jinai, ila hubebwa kwenda polisi kama ushahidi kwamba mlalamikaji hakuanza leo kulalamika. Kwa umbo lake ni ndugu wa dhamana ya mwaka 1898, ingawa walioibuni hawakuwa na haja ya kuisoma sheria ya India.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilileta kipande kingine. Ilisema waziwazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na ikaipa mahakama uwezo, wakati wa shauri la ndoa au baada yake, wa kumkataza mtu kumlazimishia mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake uwepo wake na kumsumbua kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo amri iliyokaribia kuliko zote amri ya ulinzi kama inavyojulikana kwingine. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kwa idhini ya mahakama ikaruhusu ndoa ya wenye miaka 14, jambo lililomaanisha kwamba mtoto angeweza kuwa mwombaji wa amri hiyo na hata kuwa mlengwa wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya umri huo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mjadala wa umma ulihusu zaidi elimu na afya ya wasichana, na ndivyo ilivyostahili, ila kwa mada hii hukumu hizo zina uzito wa ziada, kwa kuwa zilikataa wazo kwamba mtu anaweza kuwa mtoto mbele ya sheria moja na mtu mzima mbele ya nyingine.

Hata baada ya uhuru, mkono wa kuwaondoa vijana mjini haukulegea. Operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakusanya wasio na kazi Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini, na kama miaka arobaini kabla yake, wengi walirudi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Mtoto akawa kila aliye chini ya miaka 18, bila ngazi za 12 na 16. Mahakama ya Watoto ikapewa mamlaka juu ya mashauri ya jinai dhidi ya watoto na pia maombi ya matunzo na ulinzi wao, na Jaji Mkuu akapewa uwezo wa kutangaza majengo ya mahakama za mwanzo kuwa mahakama za watoto, uwezo ambao mwaka 2016 ulitumiwa kutangaza zaidi ya 100, ikawa Kisutu si pekee tena. Katika mwaka huohuo zilitoka kanuni za mwenendo wa mahakama hiyo. Shauri husikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii huwepo na kuandika taarifa ya hali ya nyumbani, na anayeshtakiwa huitwa mtoto aliyekinzana na sheria. Kanuni ya Adhabu nayo, ambayo kwa muda mrefu iliweka umri wa kuanza kuwajibika kijinai kuwa miaka 7, sasa inasema miaka 10, na kwa aliye chini ya 12 upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kwamba alijua kuwa tendo lake ni baya. Juu ya hayo yote, sheria hiyo ya 2009 ilipiga marufuku kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, hata kama sheria nyingine yoyote inasema vinginevyo.

Marufuku hayo yana athari kubwa kwa mada hii. Mtu mzima anayekaidi amri halali ya mahakama anatenda kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na asipowekewa adhabu nyingine anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtoto akitenda kosa hilohilo, hakimu wa Kisutu anabaki na njia nyingine: kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumtaka mzazi alipe faini au fidia, kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa, na katika hali nzito kumpeleka shule ya maadilisho, ambayo kwa watoto wengi wa Dar es Salaam maana yake ni safari ya kwenda Irambo, Mbeya. Kwa upande wa mtoto, mpangilio huo ni wa busara na ulichelewa kuja. Kwa upande wa aliyetishwa, faragha ya mahakama na ukimya wa kanuni vinamfanya awe shahidi tu: anaitwa, anasema, anatoka, na sharti la kutomkaribia, likiwemo, limewekwa kama sehemu ya malezi ya mtoto na si kama haki anayoweza yeye kuidai.

Upo pia mgongano ambao haujasuluhishwa na Bunge. Mtu anayeshindwa kuweka dhamana ya kulinda amani huwekwa ndani, na kuwekwa huko, kwa lugha ya kitaalamu, si adhabu, kwa kuwa hajatiwa hatiani. Marufuku ya mwaka 2009 yanazungumzia hukumu ya kifungo. Mwanasheria mwenye roho ngumu angeweza kudai kwamba mtoto asiye na mdhamini anaweza kuwekwa gerezani kupitia upenyo huo. Tafsiri iliyo karibu zaidi na nia ya sheria, na iliyo bora, ni kwamba mlango huo umefungwa, na kwamba asiye na mdhamini ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, yaani ni wa afisa ustawi wa jamii na si wa mkuu wa gereza.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. Kenya ilitunga mwaka 2015 sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani, ambayo ndani yake kuvunja amri ya ulinzi kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 12, na Uganda ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2010. Katika nchi zote mbili, mvunjaji akiwa mtoto shauri hukutana na sheria za watoto na kupunguziwa makali. Jimbo la Michigan, Marekani, limeingiza jambo hili ndani ya sheria yenyewe: amri ya ulinzi haitolewi dhidi ya mtoto wa chini ya miaka 10, wala kati ya mzazi na mtoto wake ambaye bado yuko chini ya malezi yake, na mtoto anayeivunja hupelekwa katika kitengo cha familia cha mahakama, ambacho humchagulia hatua zilezile wanazochaguliwa watoto wengine waliokosa. Umri wa miaka 10 umefanana na wa Tanzania, lakini kilichobaki hakifanani. Huko mlalamikaji ana hati mkononi yenye jina la kijana. Huku ana hati yenye sahihi ya mjomba wa kijana.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi kuliko popote pale umri unapobadilika kati ya amri na uvunjaji wake. Mtoto wa miaka 17 na miezi minne anapowekewa dhamana ya kulinda amani kwa mwaka mzima, hati hutiwa sahihi na wadhamini peke yao; miezi minane baadaye anakuwa mtu mzima, na katika miezi minne iliyobaki akimrudia mlalamikaji kwa vitisho, dhamana inayovunjika ni ya watu ambao pengine hawaishi naye tena, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuandika ahadi yoyote. Hakimu anaweza kuwataka wadhamini waeleze kwa nini wasilipe kiasi kilichoandikwa, na polisi wanaweza kumshtaki kijana kwa vitisho vipya kama mtu mzima mwingine yeyote, lakini ili afungwe kwa neno lake mwenyewe mlalamikaji hana budi kupeleka taarifa upya, uchunguzi ufanywe upya, na hati nyingine iandikwe, safari hii kwa jina lake na katika chumba kingine cha mahakama kilicho wazi kwa umma.